Konyeza wa Ziwa Tanganyika, salpa wa baharini na neno "hatujui"

 

Ndugu wasomaji, makala hii tunaiandika tukiwa na deni shingoni. Katika kambi ya likizo ya Desemba iliyowakusanya wanafunzi wa madrasa kutoka Mbeya na Iringa, tulipewa kipindi cha kuzungumzia viumbe vya Allah vilivyomo majini. Tuliandaa picha za konyeza, yule mnyama laini mwenye umbo la mwavuli ambaye wavuvi wa pwani humkwepa kwa kuwa akigusa ngozi huwasha kama moto. Tuliandaa pia picha za salpa, mnyama mwingine wa baharini ambaye mwili wake huonyesha vilivyo ndani kama kioo. Tulipomaliza, binti mmoja wa Iringa, mwenye umri wa miaka kumi na moja hivi, alinyoosha mkono akasema: "Ustadhi, hao wenye mwavuli mimi nimewaona ziwani, kwa mjomba wangu Kasanga."

Tulimjibu bila kusita kwamba konyeza ni wa maji ya chumvi, ziwani hayupo, na kwamba huenda aliona mfuko wa plastiki ukielea. Wenzake wakacheka. Binti akaketi, na kwa siku mbili zilizobaki hakunyoosha mkono tena.

Wiki kadhaa baadaye, mjomba wake alipita Mbeya akiwa na magunia ya dagaa. Baada ya sala ya Alasiri alitufuata barazani, akatusalimia kwa adabu, kisha akafungua simu yake. Katika picha ya video tuliona maji matulivu ya Ziwa Tanganyika na, ndani yake, vitu vidogo vya mviringo vikijikunja na kujikunjua taratibu, vikipanda na kushuka. "Ustadhi," alisema kwa upole, "mtoto hakusema uongo. Amelia sana nyumbani." Hatukuwa na la kujibu. Tulimwomba radhi, kisha tukaenda kusoma kile ambacho tulipaswa kukisoma kabla ya kufundisha.

Haya ndiyo tuliyoyapata.

KONYEZA WA MAJI BARIDI

Konyeza wa Ziwa Tanganyika ni mnyama anayejulikana vyema katika vitabu vya elimu ya viumbe. Jina lake la kisayansi ni Limnocnida tanganjicae. Si mkubwa: aliyekomaa huwa na upana wa takriban sentimita 2, karibu sawa na sarafu. Ukingo wa mwavuli wake umezungukwa na mikono myembamba mingi kama nyuzi, na katikati kuna mdomo mpana. Kwa mikono hiyo hunasa vijidudu vya jamii ya kamba vilivyo vidogo kama chembe za chumvi, vinavyoelea majini kwa wingi. Ana miiba ya sumu kama jamaa zake wa baharini, lakini ni midogo mno kiasi cha kutomdhuru mtu anayeoga.

Njia zake za kuzaana ni zaidi ya moja. Wapo madume na majike. Zaidi ya hapo, konyeza wadogo huweza kuchipua kutoka kwenye mwili wa mzazi, karibu na tumbo lake, kama machipukizi ya mgomba, kisha wakajitenga na kwenda zao. Ndiyo maana mvuvi anaweza kupita mahali pasipo na kitu, na akirudi baadaye akakuta maji yamejaa.

Liko jambo jingine lililotushangaza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulieleza kwamba ndani ya miili ya baadhi ya konyeza hawa mna bakteria wadogo sana wa rangi ya kijani, wale wanaoweza kutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula kama mimea ifanyavyo. Hivyo mnyama huyu mwindaji hubeba pia bustani yake mwenyewe ndani ya mwili.

Kwa nini basi tulikuwa na yakini kwamba hayupo? Kwa sababu konyeza karibu wote duniani ni wa baharini, nasi tulilichukua neno "karibu wote" tukaligeuza kuwa "wote". Hatukuwa wa kwanza kuteleza. Wataalamu wa Ulaya nao walistaajabu mwaka 1880, walipoona konyeza wadogo wakiogelea katika tangi la maji baridi la kuoteshea mayungiyungi, kwenye bustani ya Regent's Park, London. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1883, msafiri Mjerumani Richard Böhm aliwaona konyeza katika Ziwa Tanganyika. Maelezo kamili ya kitaalamu yalitolewa mwaka 1893 na Mwingereza R. T. Günther. Bila shaka wavuvi wa ziwa hilo walikuwa wakiwaona tangu mababu zao.

ALIYEONA SAWASAWA AKAHUKUMU VIBAYA

Habari za konyeza huyu zilimvuta Mwingereza mwingine, J. E. S. Moore, ambaye alifunga safari mbili kuja Tanganyika, moja katikati ya miaka ya 1890 na nyingine mwaka 1899 hadi 1900. Alikusanya konyeza, na alikusanya konokono wa ziwani wenye magamba mazito yenye mapambo, yanayofanana sana na ya konokono wa baharini. Kutokana na hayo alitoa hoja kubwa: kwamba Ziwa Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale iliyofika katikati ya Afrika, na viumbe hawa ni mayatima walioachwa bahari ilipoondoka. Mwaka 1903 alichapisha kitabu kizima kuhusu hoja hiyo, akakiita The Tanganyika Problem.

Aliyoyaona Moore yalikuwa kweli. Konyeza walikuwapo, na magamba yalifanana kweli na ya baharini. Hukumu yake ndiyo haikusimama. Mwanzoni mwa karne ya 20 konyeza wa jamii hiyo walionekana pia katika Ziwa Viktoria na katika mto Niger, mahali ambapo hoja ya bahari ya kale haikuweza kufika. Msafara mwingine, ulioongozwa na W. A. Cunnington mwaka 1904 na 1905, ulikusanya viumbe zaidi, na matokeo yake hayakuiunga mkono hoja ya Moore. Leo wanasayansi wanaeleza kuwa ziwa hili lilitokana na kupasuka kwa ardhi katika Bonde la Ufa, zaidi ya miaka milioni 9 iliyopita, na halijawahi kuwa bahari. Kina chake hufikia mita 1,470, likiwa la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi.

Tulipoyasoma haya tulijiona sisi wenyewe. Moore alikuwa na ushahidi machoni akauvuka. Sisi tuliletewa ushahidi na mtoto tukaukataa. Makosa hayo mawili hayafanani, lakini yote mawili yametokana na kuharakisha kuhukumu.

SALPA SI KONYEZA

Tulikuwa na kosa la pili katika kipindi kile, ingawa hakuna mtoto aliyeligundua. Tulimweleza salpa kana kwamba ni aina ya konyeza. Tulidanganywa na macho, kwa sababu wote wawili ni laini, wote huangaza, na wote huelea. Lakini undani wao ni mbali kama mashariki na magharibi.

Salpa ana umbo la pipa lililo wazi pande zote mbili. Urefu wake huanzia milimita chache hadi zaidi ya sentimita 10, kulingana na aina. Mwilini mwake mna mikanda ya misuli inayomzunguka kama pete za chuma zinavyolizunguka pipa. Misuli hiyo ikibana, maji huingia mbele na kutokea nyuma, naye husukumwa kwenda mbele. Maji yayo hayo humletea chakula, kwa maana ndani ya mwili ametandaza wavu wa ute ulio mwembamba mno, unaonasa hata chembe zilizo ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Tendo moja la kubana misuli humpa mwendo, pumzi na riziki kwa pamoja.

Konyeza hana ubongo, wala moyo, wala utumbo wenye mlango wa kuingilia na wa kutokea. Salpa anavyo vyote hivyo, japo kwa udogo wake. Kwa sababu ya maumbile hayo na mengine, wanasayansi humweka katika kundi moja kubwa na samaki, ndege na wanyama wenye uti wa mgongo, ingawa yeye mwenyewe hana mfupa hata mmoja. Salpa wanaishi katika bahari zote kubwa, na aina iitwayo Thalia democratica hupatikana katika maji ya joto, ikiwemo Bahari ya Hindi inayoigusa pwani yetu.

MJUKUU ANAYEFANANA NA BIBI

Wasomaji wa ukurasa huu wa familia watapenda habari ya uzazi wa salpa, kwa kuwa kwetu ni kawaida mjukuu kupewa jina la bibi au babu, na wazee husema amerudi.

Salpa ana maumbo mawili yanayopokezana. Wa kwanza huishi peke yake. Huyu hazai kwa dume na jike. Huchipua mnyororo mrefu wa salpa wengi walioshikamana, na katika baadhi ya aina mnyororo huo hufikia urefu wa mita kadhaa. Wale wa kwenye mnyororo hawafanani na mzazi wao. Kila mmoja wao huanza akiwa jike, akabeba kwa kawaida mtoto mmoja tu, anayelishwa ndani ya mwili kupitia kitu mfano wa kondo. Mtoto huyo akitoka, huishi peke yake: hafanani na mama aliyembeba, bali anafanana na bibi yake. Baadaye mama huyo hugeuka kuwa dume na kutungisha mimba minyororo michanga inayokuja nyuma yake.

Mtu aliyeligundua jambo hili alikuwa Adelbert von Chamisso, mshairi na mtaalamu wa viumbe, mzaliwa wa Ufaransa aliyekulia Ujerumani. Alisafiri kuizunguka dunia katika meli ya Kirusi iitwayo Rurik kuanzia mwaka 1815 hadi 1818, akawachunguza salpa baharini kwa subira, siku baada ya siku. Mwaka 1819 alichapisha alichokiona. Wengi hawakumwamini: vipi mnyama asifanane na mama yake? Mwaka 1842 Mdenmark Japetus Steenstrup alipoonyesha kwamba kupokezana kwa vizazi kupo kwa wanyama kadhaa, kauli ya Chamisso ilithibiti. Lakini Chamisso alikuwa amefariki mwaka 1838. Hakubahatika kusikia akiambiwa, "Ulisema kweli."

Tulipofika hapo katika kusoma, tulikiweka kitabu chini. Yule binti wa Iringa yu hai, na sisi tu hai. Hatukuwa na udhuru wa kuchelewa.

KINACHODHANIWA HAKINA FAIDA

Kwa muda mrefu watu wa bahari waliwaona salpa kuwa ni uchafu unaoziba nyavu. Madhara yapo kweli. Mwezi Aprili 2012, huko California, Marekani, kundi kubwa la salpa liliziba vichujio vya maji ya kupoozea mitambo ya umeme wa nyuklia ya Diablo Canyon, ikabidi uzalishaji usimamishwe kwa siku kadhaa. Hata baadhi ya wataalamu waliwadhania kuwa ni mwisho wa njia: wanakula kingi, lakini miili yao ya maji haimshibishi mtu.

Uchunguzi ukageuza dhana hiyo. Mimea midogo ya baharini hunyonya hewa ya ukaa, ile inayoongeza joto la dunia, na kuifanya kuwa sehemu ya miili yake. Salpa huila mimea hiyo kwa wingi, kisha hutoa kinyesi kizito kilichoshikamana, kinachozama kwa kasi. Cha baadhi yao huzama zaidi ya mita 1,000 kwa siku. Hivyo kaboni hufika vilindini, ambako hukaa muda mrefu bila kurudi hewani. Aina iitwayo Salpa aspera hushuka mamia ya mita wakati wa mchana na kupanda usiku kula, jambo linaloharakisha zaidi kazi hiyo. Mwaka 2006 watafiti wa Woods Hole, Marekani, akiwemo Laurence Madin, walieleza kuhusu kundi moja katika Bahari ya Atlantiki lililotanda eneo la takriban kilomita za mraba 100,000. Walikadiria kuwa kundi hilo liliweza kushusha hadi tani 4,000 za kaboni kwa siku. Na wapo wanaomla salpa, wakiwemo samaki na kasa.

Tunafundishwa katika dini yetu kwamba Allah hakuumba chochote bure. Mara nyingi tunayasema hayo kwa ulimi, kisha tunakiita kiumbe "uchafu" kwa kuwa hakituingizii kitu mfukoni. Salpa ni hoja juu yetu.

ZIWA LENYEWE LINAUMWA

Turudi Kasanga. Mjomba wa binti alitueleza kuwa siku hizi anasafiri mbali zaidi kutafuta dagaa, na kwamba mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapumzike, nyumbani kwake palikuwa pagumu. Hakulalamikia kufungwa kwenyewe. Alisema, "Tukiwamaliza, tutawalisha nini watoto?"

Uvuvi wa kupita kiasi ni sababu moja. Sababu nyingine haionekani kwa macho. Rutuba ya Ziwa Tanganyika imelala vilindini, na maji ya huko hayana hewa ya kutosha kuishi samaki. Upepo wa kusi unapovuma, kati ya Mei na Septemba, huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini, uliko Kasanga, maji yenye rutuba hupanda. Hapo mimea midogo hustawi, vijidudu huila, dagaa na konyeza hula vijidudu, na migebuka hula dagaa. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi zaidi na kuchanganyika kwa shida na ya chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa ukuaji wa mimea hiyo umepungua kwa takriban asilimia 20, jambo linaloweza kumaanisha upungufu wa karibu asilimia 30 wa samaki. Dagaa tunaowanunua sokoni Mbeya na Iringa wamo katika hesabu hiyo. Konyeza asiyeliwa na mtu naye yumo, kwa sababu meza yao ni moja.

KULIPA DENI

Imamu Malik, Allah amrehemu, pamoja na ukubwa wa elimu yake, alijulikana kwa kutoona haya kusema "sijui". Sisi tulio wadogo mno tuliona haya mbele ya watoto. Tuliogopa kupungukiwa heshima, tukamwondolea mtoto heshima yake.

Kwa hiyo tulisafiri hadi Iringa. Baada ya kuomba idhini ya wazazi wake na mwalimu wa madrasa yake, tulisimama mbele ya wanafunzi tukasema waziwazi: tulikosea mara mbili. Konyeza wa ziwani yupo, na salpa si konyeza. Mwenzenu alisema alichokiona, nasi tulizungumza tusichokijua. Tulimwomba radhi kwa jina lake, na waliomcheka wakamwomba radhi pia. Kisha tukaionyesha ile video ya mjomba.

Kwenu wazazi na walimu, tunausia mambo matatu. Mtoto akisema ameona kitu, mwulize kwanza alikiona wapi, lini na kikoje, kabla ya kumwambia hakipo. Ukiwa hujui, sema hujui, kisha mtafute jibu pamoja. Na ukimkosea mbele ya watu, mtake radhi mbele ya watu, maana faraghani pekee hapatoshi.

Siku ile, tulipouliza kama kuna mwenye swali, darasa lilikaa kimya kidogo. Kisha binti yule akanyoosha mkono.

Allah atupe elimu yenye manufaa na atuwafikishe kuitumia kwa unyenyekevu. Amin.